Ndege wako halali usiku? Anza na mahali tundu lilipo

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, baridi ya Mbeya ikishakolea, simu yangu haiishi maswali ya ndege. "Kokateli wangu anarukaruka usiku wa manane." "Baji wamejivimbisha kama mipira ya pamba." "Lavubedi anapiga kelele mpaka saa 5 usiku, majirani wameanza kununa." Wanaouliza wako Uyole, Mwanjelwa, Mafinga, Njombe na Kihesa kule Iringa, na shida zao zinafanana mno. Ndege wao, yaani baji, kokateli na lavubedi, ni aina za kasuku wadogo wa kufuga. Nimezipanga hapa kwa dalili, na kwa kila dalili chanzo kinachotokea mara nyingi ndicho kinachotangulia.

Wengi wakipiga wanataka jina la dawa. Mimi huuliza kwanza tundu liko wapi. Karibu kila mara liko sebuleni, juu ya kabati la televisheni au limeegeshwa dirishani ili wageni walione. Shida nyingi za usingizi zinaanzia hapo, na kuhamisha tundu hakugharimu hata shilingi.

Usingizi wa kawaida unavyoonekana

Baji, kokateli na lavubedi wanahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Sisi tuna bahati, kwa kuwa usiku wetu una karibu saa 12 mwaka mzima. Jua la Mbeya linazama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 na robo usiku kutegemea mwezi, kwa hiyo ukimfunika ndege saa 1 na kumfunua saa 1 asubuhi umemtosheleza.

Ndege aliyelala vizuri hukaa kwenye kijiti cha juu kabisa, mguu mmoja kaukunja tumboni, manyoya yamelegea kidogo, kichwa kakigeuzia nyuma na mdomo kauchomeka kwenye manyoya ya mgongo. Kabla hajasinzia atasaga mdomo, ule mlio mdogo wa kukwaruza kama mtu anayepitisha ukucha kwenye boksi la karatasi ngumu. Wafugaji wapya wakiusikia hushtuka. Usihangaike nao, ndege anayesaga mdomo jioni ametulia na ameshiba.

Dalili: giza limeingia, yeye bado anapiga kelele

Chanzo cha kwanza ni mwanga na sauti za watu. Televisheni ikiwaka mpaka saa 5, kwake bado ni mchana. Hata ukimfunika kwa kitenge, anasikia mnacheka, anasikia vyombo, naye anajibu, maana kwa ndege wa makundi kunyamaza wakati wenzake wanaongea si kawaida. Jaribu usiku wa leo: hamishia tundu chumba ambacho hakuna anayeingia baada ya saa 1, funga pazia, zima taa. Kama chumba hakipo, tafuta tundu dogo la kulalia la kuweka hata ukutani mwa korido isiyopitwa sana, umhamishe kila jioni. Siku tatu nne za kwanza atalalamika. Mwache, wala usirudi kumbembeleza, kwa sababu ukirudi mara moja tu ameshajifunza kuwa kelele inakuita.

Chanzo cha pili ni ratiba isiyoeleweka: leo saa 1, kesho saa 4 kwa sababu kulikuwa na wageni. Mpangie saa ileile kila siku na mtu mmoja wa kufunika. Nyumbani kwangu kazi hiyo anayo binti yangu wa darasa la tano, na hajawahi kuisahau.

Cha tatu ni mwanga wa nje, hasa taa za ulinzi za sola zinazowaka mtu akipita, au nyumba zilizo kando ya barabara kuu ya Zambia ambako malori humulika kuta usiku kucha. Kaa gizani chumbani kwa ndege dakika 10 ukiwa umezima kila kitu. Utaona mwenyewe unapoingilia.

Kama ndege amenunuliwa juzi tu, mpe wiki mbili kabla hujasema ana tatizo. Lakini uliza alikotoka. Cherero wa shingo ya njano, mmoja wa hao tunaowaita lavubedi, ni ndege wa asili ya Tanzania, na porini wapo mpaka upande wa Ruaha. Aliyenaswa porini mwezi uliopita hatatulia sebuleni kwako, anaogopa kwelikweli, na kumfuga ndege pori bila kibali cha wanyamapori ni kosa kisheria. Nunua kwa mtu anayezalisha, ukaone wazazi wa kinda kwa macho yako.

Dalili: anashtuka usiku, anajigonga tunduni

Hii ndiyo inayotisha zaidi kuisikia. Saa 8 usiku, nyumba kimya, ghafla mabawa yanapiga vyuma, kengele inalia, vyombo vya maji vinamwagika. Kokateli ndio wanaopatwa zaidi na hofu hii ya usiku. Wakiwa wawili au watatu, mmoja akishtuka wote wanalipuka.

Kwanza wakati huohuo: usikimbilie kuingiza mkono. Washa taa ndogo, simama mbali kidogo, ongea naye kwa sauti ya chini, sauti ileile ya kila siku. Akiona tundu lake na akikuona wewe, atarudi kijitini. Akishatulia mkague mabawa na miguu.

Kisha tafuta chanzo. Kinachoongoza ni giza totoro pamoja na mshtuko mdogo: paka juu ya bati, mlango uliogongwa na upepo, umeme uliokatika na kurudi. Dawa yake ni taa hafifu, ile ndogo ya sola inatosha, iwekwe mbali na tundu ili ndege aone kijiti chake tu. Najua nimesema giza hapo juu. Kwa baji na lavubedi giza ni zuri, ila kokateli mwenye hofu mwachie mwanga huo mdogo. Punguza pia vidoli na bembea usiku, ili akiruka asipate cha kumnasa.

Cha pili ni panya. Nyumba nyingi za huku zina dari za mbao, na wakati wa baridi panya hushuka wakifuata joto na mbegu. Asubuhi angalia trei ya tundu na sakafu iliyo chini yake: vinyesi vyeusi vya umbo la punje ya mchele, maganda yaliyotafunwa. Ondoa chakula kilichomwagika kila jioni, ning'iniza tundu badala ya kulisimamisha, na usiweke sumu ya panya chumba kimoja na ndege.

Cha tatu ni dirisha. Paka wa jirani au bundi akitua nje ya kioo inatosha. Sogeza tundu mpaka ukuta wa ndani.

Halafu kuna siafu. Kwa walioko Tukuyu na Rungwe yote, mvua zikianza, siafu wakiingia nyumbani usiku ndege aliye tunduni hana pa kukimbilia, na wanaweza kumuua kabla hujaamka. Ukisikia vurugu isiyoisha, mulika sakafu na mnyororo wa tundu kabla ya jambo lingine lolote. Ukiwaona, beba tundu zima utoke nalo nje, kisha wabandue siafu mmoja mmoja kwa kibano. Msimu huo simamisha miguu ya meza ya tundu ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo.

Simama hapa ukiona damu. Baji ana gramu 30 hadi 40 tu, na damu yake yote haijazi kijiko cha chai. Unyoya mchanga ukikatika huvuja damu kama bomba. Bana sehemu hiyo kwa unga wa ngano na kitambaa safi dakika 5 bila kuachia kuchungulia. Ikiendelea, au bawa likining'inia, mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo, usisubiri kupambazuke.

Dalili: anajikuna usiku, mchana yuko sawa

Mchana anakula, anaimba, kisha usiku anajikuna, anahama kijiti hiki kwenda kile, anapiga miguu. Hapa mshukiwa wangu wa kwanza ni utitiri. Wadudu hawa hunyonya damu usiku na mchana hujificha kwenye nyufa, ndiyo maana ukimkagua ndege saa 4 asubuhi huoni kitu.

Kipimo ni rahisi. Tandika kitambaa cheupe chini ya vijiti jioni, kingine ufunikie tundu. Amka saa 9 usiku na tochi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona vumbi jekundu kwenye kitambaa, chembe ndogo kuliko chumvi. Nilitazama kwa makini, na vumbi lile likaanza kutembea. Niliponyanyua kijiti cha mbao na kukigonga kwenye sahani, zilidondoka nyingine zaidi ya 20 kutoka kwenye ufa mmoja mwishoni mwa kijiti, pale kinapoingia chumani.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni kuku. Banda la kuku likiwa nyuma ya dirisha, au ukilisha kuku kisha ukaja moja kwa moja kwa baji, umewabebea. Viota vya shomoro kwenye kenchi navyo huwaleta.

Toa ndege, mweke kwenye boksi safi. Tundu limwagie maji yanayochemka, ulisugue kwa sabuni na brashi kila kona, ulianike juani mpaka likauke kabisa. Vijiti vya mbao vichome moto, uweke vipya. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa kuwa mayai hubaki yakianguliwa. Vijiti vipya kata vya mpera: vina maganda ya kushikika na unene unaotofautiana, miguu inapumzika. Usikate mparachichi, hata kama unao mlangoni kama nyumba nyingi za Rungwe na Njombe. Majani, ganda la mti na tunda lenyewe ni sumu kwa ndege.

Ile dawa ya unga ya kuku usiipake. Dozi yake imekadiriwa kwa kuku mwenye kilo moja na nusu, sasa fikiria ndege wa gramu 35. Kama umesafisha mara mbili na bado anajikuna, au ngozi ya mdomo na miguu inaota magamba yenye vitundu kama sifongo, huyo anahitaji dawa ya kupimiwa na daktari.

Ikiwa kitambaa kimekuja safi, angalia kama anabadilisha manyoya. Manyoya mapya yakichomoza huwasha, na hilo hupita lenyewe. Mnyunyizie maji ya vuguvugu, ila kabla ya saa 6 mchana. Ndege aliyeoga jioni ya Makete au Njombe analala na unyevu mwilini, na hapo umemtafutia tatizo linalofuata.

Dalili: amejivimbisha, anatetemeka usiku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tunapoua ndege tukidhani tunawasaidia.

Ndege mzima mwenye manyoya kamili anastahimili baridi yetu vizuri. Akijivimbisha anafungia hewa ya joto kati ya manyoya, ni koti lake. Kinachomshinda ni upepo, unyevu na tumbo tupu. Kwa hiyo anza hivi. Washa mshumaa karibu na tundu usiku, ndege akiwa ametolewa: mwali ukiinama, kuna upepo unaopita hapo. Ondoa tundu sakafuni na kwenye ukuta wa nje, lipandishe usawa wa kifua chako. Lifunike pande tatu na juu kwa blanketi jepesi, upande wa nne uache wazi apate hewa. Saa 11 jioni mwongezee uwele, ulezi au mtama, aingie usiku gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, likiwa limejaa. Wengi wanasahau hili la mwisho, na kwangu ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko blanketi.

Kwa usiku ule wa umande kuganda kwenye majani, chukua dumu la lita 5 lenye maji ya moto, lizungushie taulo, liegemeze nje ya tundu upande mmoja. Ndege atachagua kusogea au kukaa mbali.

Jiko la mkaa usiliingize chumba alimo ndege, hata likiwa limekolea na halitoi moshi. Mwezi wa saba mmoja, miaka ya mwanzo ya kufuga, niliingiza jiko kwa nusu saa chumbani kwa baji wangu wawili, mlango umefungwa joto lisitoke. Nilipofunua kitenge, dume alikuwa chini ya tundu, kalala ubavu, miguu imenyooka. Jike alikuwa ameshikilia nyaya kwa mdomo, anatweta. Nilimkimbizia nje barazani, akaishi. Dume sikumuwahi. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na mapafu ya ndege hunyonya hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, kwa hiyo humuua yeye kwanza. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na kanari kwa sababu hiyohiyo, mpaka mwaka 1986. Kama ndege wako ameanguka na jiko liko ndani, toeni watu wote nje kwanza, watoto mbele, kisha beba tundu. Mtu akiumwa kichwa au akisikia kizunguzungu, aende hospitali.

Kundi hilohilo lina kibatari, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza, udi, na kikaango kisichoshika chakula kikiunguzwa mekoni. Hicho cha mwisho kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege ndani ya dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Dalili: jike halali, anachana karatasi na kujificha pembeni

Hii ni ya lavubedi hasa. Anachana magazeti, anajichomeka vipande kwenye manyoya ya kiuno, usiku anakesha pembeni ya tundu. Anataka kutaga. Toa kiota, boksi, kibuyu na kila kitu chenye giza ndani, toa karatasi, mwongezee giza lifike muda wa saa 12 au zaidi, usimpapase mgongo. Weka mfupa wa ngisi tunduni kwa ajili ya chokaa.

Akikaa chini, anajikamua, mkia unapanda na kushuka, na yai halitoki, yai limekwama. Usilibonyeze wala kulivuta. Mpe joto, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Dalili: anaamka saa 10 alfajiri

Mara nyingi ni jogoo wa jirani, au taa ya jikoni ya anayeamka mapema kuandaa chai. Kitambaa kizito zaidi upande wa mlango kinatosha. Usimlishe akiita, subiri saa yake.

Dalili: analala mchana, au analala chini ya tundu

Hapa acha kurekebisha chumba. Kusinzia kidogo saa 7 mchana ni kawaida, ila ndege anayelala mchana kutwa miguu yote miwili ikiwa kijitini, manyoya yamesimama, macho yamefumbwa nusu, huyo anaumwa, tena kwa siku kadhaa. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Akishuka sakafuni hali imeshakuwa mbaya.

Ziko dalili ambazo hazisubiri kesho: kupumua mdomo wazi, mkia kudunda kwa kila pumzi, kuanguka kijitini, shingo kupinda, kinyesi cha majimaji ya kijani, kutokula kwa nusu siku. Shingo ikipinda na kuna njiwa au kuku nyumbani waliokufa karibuni, fikiria kideri. Tenga ndege wote, mjulishe ofisa mifugo wa kata, usigawe wala kuuza hata mmoja. Na kama mtu wa nyumbani ana homa na kikohozi wakati kasuku anaumwa, mwambie daktari wa binadamu kuwa mnafuga, kwa sababu yapo maradhi yanayovuka.

Ukiwa unajiandaa kuondoka, mweke kwenye boksi dogo lenye vitundu vya hewa, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo upande mmoja, taulo chini badala ya kijiti. Bodaboda na upepo wa asubuhi hapana, tafuta bajaji yenye mapazia au gari. Chukua kinyesi cha leo kwenye karatasi safi, na video ya usiku kwenye simu. Kwa wa Iringa na jirani, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa mjini, na daktari anaweza kupeleka sampuli huko ndege wengi wakifa kwa mpigo. Mpime kwenye mzani wa jikoni kabla hujatoka, umpigie daktari umtajie gramu. Madaktari wengi wa huku siku nzima wako kwa ng'ombe na kuku, na dozi ya ndege wako itaanzia kwenye namba hiyo.